Mila zikiingia kwenye ratiba na bajeti

Karibu kila chuo kwetu kina sehemu kwenye tovuti imeandikwa "maadili yetu", na karibu kila chuo siku ya mahafali kitaleta kikundi cha ngoma, akina mama wamepiga sare za kanga, wazee wawili wa mgolole na fimbo wanakalishwa mstari wa mbele, halafu ngoma ikiisha tunarudi kwenye majoho na kofia za pembe nne na hotuba za Kiingereza mpaka jua linazama. Hiyo ndo mila ya chuo kikuu, dakika kumi na tano kati ya wimbo wa taifa na mgeni rasmi. Sidharau, nami nilipiga picha na wale wacheza ngoma na picha ipo sebuleni kwa mama, Same. Lakini tangu nihamie huku Marekani, upande wa kusini magharibi, nimekutana na vyuo ambavyo mila iko sehemu nyingine kabisa: iko kwenye kalenda, kwenye ruhusa za msiba, kwenye orodha ya nani anaitwa mwalimu, mpaka kwenye hela. Na nimeanza kuamini hapo ndo pa kupimia. Mila isiyokugharimu kitu ni pambo tu.

Naongelea vyuo vya makabila ya wenyeji wa Marekani, wale ambao shuleni tulifundishwa kuwaita Wahindi Wekundu (hilo jina tuliache lipumzike). Viko zaidi ya 30, vingi viko ndani ya maeneo ya makabila yenyewe, South Dakota, Montana, Wisconsin, New Mexico huko, na cha kwanza kabisa ni cha Wanavajo, ambao wenyewe wanajiita Diné. Nchi yao ni kama kilomita za mraba 71,000, imekaa Arizona, New Mexico na Utah, yaani chukua Rwanda na Burundi uziunganishe bado hazifiki. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga kwa miguu mpaka Bosque Redondo, wakafungiwa huko miaka minne, maelfu wakafa, na mwaka 1868 ukasainiwa mkataba wa kuwarudisha kwao. Kwenye mkataba kulikuwa na ahadi ya elimu: kila watoto 30 wapate nyumba ya shule na mwalimu. Miaka mia ikapita. Mwaka 1968 baraza lao likaacha kusubiri, likaanzisha chuo chake lenyewe, Navajo Community College, ambacho siku hizi kinaitwa Diné College, na Januari 1969 kikafungua milango pale Many Farms, Arizona, kwenye majengo ya kuazima ya shule ya bweni ya serikali.

Hapo kwenye shule ya bweni inabidi nisimame kidogo, maana bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini hawa watu wana hasira na elimu na wakati huohuo wana njaa nayo.

Mwaka 1879 mwanajeshi mmoja anaitwa Richard Henry Pratt alifungua shule ya bweni Carlisle, Pennsylvania, na falsafa yake aliisema hadharani mwaka 1892: muue Muhindi aliye ndani ya mtu, umwokoe mtu. Watoto walikatwa nywele, wakapewa majina mapya, wakakatazwa lugha zao, wakapigishwa kwata kama askari. Wapo waliokufa hukohuko na kuzikwa hukohuko, na ni juzi tu, 2017, ndo mabaki yao yalianza kurudishwa makwao. Sasa mwaka 1880 chifu mmoja wa Walakota, Sinte Gleska, ambaye Wazungu walimwita Spotted Tail, alisafiri mpaka Carlisle kwenda kuona watoto wake wanasomaje. Alikuwa amewatoa kwa nia njema, alitaka wajue kusoma ili siku nyingine wasidanganywe kwenye mikataba. Akakuta wamevalishwa sare za jeshi. Mzee hakuandika barua ya malalamiko wala hakuomba kikao, aliwachukua watoto wa familia yake akapanda nao treni kurudi nyumbani, Pratt akibaki anang'aka. Miaka 91 baadaye, 1971, Walakota wa Rosebud, South Dakota, walipoanzisha chuo chao, walikipa jina lake. Leo ni Sinte Gleska University. Mimi hilo jina naliona ni sera nzima ya elimu. Wangeweza kukiita jina la mfadhili, au jina la mto, wakachagua jina la mzazi aliyewahi kumtoa mtoto shule.

Tabia ya hivi vyuo yote imejengwa juu ya hilo jeraha. Shule ilikuwa ndo kisu. Kwa hiyo walipoishika wenyewe swali halikuwa tu tufundishe nini, swali lilikuwa hiki kitu tukishikeje kisitukate tena.

Turudi kwa Diné. Chuo chao kilihamia Tsaile, Arizona, mwaka 1973, juu milimani karibu na korongo la Canyon de Chelly. Ukifika unaona jengo la vioo la ghorofa sita lenye pembe nane, limepewa jina la Ned Hatathli, Mnavajo wa kwanza kuwa rais wa chuo. Pembe nane ni za hogan, nyumba yao ya asili, na hogan mlango wake lazima uangalie mashariki, jua linapotokea, ukiingia unazunguka kwa kufuata mwendo wa jua. Kampasi nzima imepangwa kwa mduara kwa mawazo hayohayo. Nilipoonyeshwa hayo mara ya kwanza nilijisemea basi, usanifu majengo huo, sisi nasi tuna majengo yenye nakshi za milango ya Zanzibar. Ila wao hawakuishia kwenye zege.

Falsafa ya chuo inaitwa Sa'ąh Naagháí Bik'eh Hózhóón. Sitajifanya naieleza hapa, ni kitu kinachobeba uhai mrefu na maisha yaliyokaa sawa, na wazee wao wanaiongea miaka na hawaimalizi. Kwa matumizi ya kila siku imegawanywa hatua nne zinazofuata pande nne za dunia na milima minne mitakatifu inayozunguka nchi yao: unaanza mashariki na kuwaza (Nitsáhákees), unaenda kusini kupanga (Nahat'á), magharibi kuliishi lile ulilopanga (Iiná), halafu kaskazini unatulia unatafakari mpaka unapata uhakika (Sihasin). Kozi zinapangwa hivyo, mipango ya chuo inaandikwa hivyo. Kusema ukweli hapa ndo pananipa wasiwasi kidogo, maana kitu chochote kikishaingia kwenye silabasi kama vipengele vinne, mwanafunzi mvivu atakijaza kama fomu tu, na nina uhakika wapo wanaofanya hivyo Tsaile kama ambavyo sisi tulikuwa tunakariri "malengo mahsusi" bila kujua ni ya nini. Hatua ya tatu lakini naipenda sana. Kwenye mpangilio wao hujasoma kitu mpaka umekiishi, halafu ndo unarudi kukitathmini. Mtihani wa wiki ya 15 hauwezi kukupima hilo, na walimu wenyewe wanalijua.

Kitu kilichonishika zaidi ni undugu, wanauita k'é. Nilifanya kazi na dada mmoja wa Kidiné, na nikamsikia kwenye mikutano anajitambulisha. Hataji kazi, hataji digrii. Anataja koo nne: ukoo wa mama yake, ambao ndo wake, ukoo wa baba yake, ukoo wa babu mzaa mama, ukoo wa babu mzaa baba. Mama yake ni wa ukoo wa Maji Machungu. Akimaliza, kama kuna Diné mwingine chumbani ambaye koo zao zinagusana, basi hapohapo wanajua wanaitanaje, dada, mjomba, bibi, hata kama bibi mwenyewe ana miaka 22. Na ndivyo wanafunzi wanavyojitambulisha darasani Tsaile. Aliniambia na wewe sema zako. Mi Mpare, ukoo wa baba nikautoa bila shida, wa mama pia, kwa babu mzaa mama nikaanza kutafuta dari kwa macho, ikabidi jioni nipige simu Same na mama akanicheka vizuri tu.

Sasa undugu wa hivyo ukiingia ofisini unaleta gharama. Chuo nilichosoma mimi, sitakitaja, mama yangu mdogo alifariki nikiwa mwaka wa pili, na fomu ya ruhusa ilikuwa na visanduku vitatu: mzazi, mwenzi, mtoto. Nikaambiwa marehemu hayumo. Mama aliyenilea miaka minne ya msingi hayumo! Nilienda kuzika, nikarudi nikakuta jaribio limenipita. Kwa Diné mama mdogo ni mama, wanamwita shimá yázhí, na ukisema umefiwa na mama hakuna atakayekuuliza ni yupi. Mwanafunzi wa kule akipotea siku nne kwa sababu ya sherehe ya uponyaji ya babu, au ya binti wa ukoo anayevunja ungo, mwalimu hashangai, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa na yeye mwalimu alikuwa hukohuko. Vyuo vya Montana miaka ya 1990 vilifika mbali zaidi, vikatengeneza mfumo mzima wa kumchukulia mwanafunzi pamoja na familia yake, badala ya kuona familia ndo inayomvuta mtu nyuma asimalize. Kuna hasara, lazima niseme, watu wanachukua miaka mingi kumaliza na takwimu za serikali zinawahukumu kwa hilo kila mwaka.

Halafu kuna suala la majira. Nilienda Tsaile kiangazi, mwezi wa saba, na kichwani nilikuwa na hamu ya kuona ule mchezo wao wa kamba, unazungusha uzi vidoleni unatengeneza nyota, hema, ndege. Nilikuwa nimeona picha tu. Nje kwenye benchi kulikuwa na mzee amekaa na mjukuu, tukasalimiana, tukaongea habari za mvua, nikaona ndo nafasi yangu nikamwomba anionyeshe. Akaangalia mikono yangu, akatabasamu, akasema saa hizi buibui yuko macho. Nikadhani utani. Akaniambia njoo theluji ikishadondoka. Ndo nikaelewa baadaye kwamba kamba ilifundishwa na Mwanamke Buibui wa simulizi zao za asili, na michezo hiyo pamoja na hadithi za Koyote (mnyama kama mbweha) ni za baridi tu, wakati nyoka, dubu na buibui wamelala. Kiangazi hazitoki. Wala si kwa watalii tu, hata mjukuu wake pale hangeonyeshwa.

Kwetu nasi bibi alikuwa anasema ukisimulia hadithi mchana utaota mkia, kwa hiyo mantiki niliipata haraka. Tofauti ni kwamba wao wanaofundisha mambo hayo chuoni wanayapanga baridi. Yaani kuna maarifa ambayo hayapatikani mwezi wa saba hata kama umelipa ada, na mengine hayapatikani kabisa kama hujapitia njia yake, nyimbo za sherehe kwa mfano hazianikwi ubaoni wala hazirekodiwi na simu. Fikiria jinsi hiyo inavyogongana na wazo zima la chuo kikuu, ambapo kila kitu ni cha kila mtu muda wowote, weka PDF tudauniloodi. Mimi nimezoea hilo la pili na sina mpango wa kuliacha. Ila tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni vitu vingapi vyetu vilivyochukuliwa na watafiti, vikachapishwa Ulaya, na wazee waliovitoa hawakuwahi kuulizwa kama ule ulikuwa msimu wake.

Walimu je? Tangu siku za mwanzo waganga wa jadi, hataałii, na wazee waliruhusiwa kufundisha bila digrii. Ni uamuzi wa busara ya kawaida, sherehe moja ya uponyaji inaweza kuchukua usiku tisa na mwimbaji lazima awe nazo nyimbo zote kichwani, sasa nani wa kumsainia PhD? Lakini chuo kinataka ithibati, bila ithibati digrii zako hakuna anayezitambua, na wakaguzi wanatoka nje na karatasi zao wanauliza sifa za kila mwalimu. Diné College ilipata ithibati mwaka 1976 na imebaki nayo. Hivi vyuo vinaishi miguu miwili hivyo, mmoja kwa wazee na mwingine kwa wakaguzi, na anayefikiri ni rahisi ajaribu kuandika ripoti ya kujitathmini inayoridhisha wote. Siku hizi Navajo Technical University, ya Crownpoint, New Mexico, ina mpaka PhD ya utamaduni na lugha ya Diné. Swali la nani asaini limeanza kujibiwa na wenyewe.

Niwaguse Walakota kidogo tena. Oglala Lakota College, pale Pine Ridge, haikujenga kampasi moja kubwa ikawaambia watu njooni. Eneo lina wilaya tisa na kila wilaya ina kituo chake cha chuo, kwa sababu watu ni maskini, umbali ni mkubwa, theluji ni nyingi na mama mwenye watoto watatu hawezi kuhama. Na wanapomaliza masomo, familia kule inaheshimiwa kwa kutoa. Kijana wako amefaulu, wewe ndo unayegawa mablanketi na zawadi kwa waliokuja. Mi Mpare, sifa zetu kwenye hela mnazijua, nilipoelezwa hivyo niliuliza mara mbili. Kwetu mtoto akimaliza digrii tunaunda kamati, tunafungua grupu la WhatsApp, tunachangisha, anayechelewa ahadi yake inabandikwa kila asubuhi. Kwa Walakota ukarimu ni miongoni mwa maadili makubwa ya kabila, na mahali pa kuuonyesha ni pale unapokuwa na kitu.

Najua mtu atauliza, sasa kwa nini sisi tusifanye hivi. Wazo si geni kwetu hata kidogo. Machi 1967, mwaka mmoja kabla ya Diné kuanzisha chuo, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea akilalamika kwamba shule zinamtenga kijana na watu wake. Na mwaka uleule 1968, Oktoba, pale chuo cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake wawili walitaka idara ya Kiingereza ivunjwe na Afrika iwekwe katikati. Watu hawa hawakujuana, ila hewa ilikuwa moja. Kilichofuata kwetu mnakijua, mashamba ya shule yakawa adhabu kwa waliochelewa namba.

Lakini kuna tofauti ambayo wapenzi wa "turudi kwenye mila" wanairuka. Diné ni watu wamoja, lugha moja, milima minne ileile. Tanzania tuna makabila zaidi ya 120. Chuo cha Dodoma kifuate utaratibu wa nani, Wagogo wenye ardhi yao, au Wasukuma walio wengi, au Waswahili wa pwani ambao lugha yao ndo tumeichukua sote? Kiswahili kilitupa umoja kwa kukubali kutokuwa cha kabila lolote, na bei yake ni kwamba mila zote zimebaki mlangoni, zinaitwa ndani siku ya mahafali. Na hata kwa Diné si kwamba wote wanaimba wimbo mmoja. Wapo Wakristo wengi, wapo vijana waliokulia Phoenix wasiojua lugha, wapo wanaoona sherehe za jadi hazichanganyiki na imani yao. Chuo hakiwezi kuwalazimisha, kingewalazimisha kingekuwa Carlisle iliyogeuzwa. Nadhani kwetu pa kuanzia ni padogo zaidi kuliko falsafa, ile fomu ya msiba. Ongeza kisanduku.

Nimalizie na hela, maana nilisema ndo pa kupimia. Vyuo vya jamii vya kawaida huku vinaishi sana kwa kodi ya majengo na viwanja ya eneo lao. Ardhi ya kabila inashikiliwa na serikali kuu kwa niaba ya kabila na haitozwi kodi hiyo, kwa hiyo vyuo hivi vinategemea Washington, vingi vyao kupitia sheria iliyosainiwa mwaka 1978. Washington nako si kwa kuaminika: pendekezo la bajeti lililotolewa 2025 kwa mwaka 2026 lilitaka fedha za elimu ya juu ya makabila zishuke kutoka zaidi ya dola milioni 180 mpaka kama milioni 22. Sheria ile ya 1978 inahesabu vichwa, na kichwa kinachohesabiwa ni cha mwanachama wa kabila linalotambuliwa na serikali, au mtoto wake wa kumzaa. Mzungu mfugaji wa jirani, Mmeksiko mwenye gereji, mkimbizi Mkongo aliyetupwa na maisha mpaka New Mexico, hao wote kwenye hesabu ni sifuri. Wanakaa kwenye viti, wanatumia umeme na mwalimu, na hawaleti hata senti moja ya mgao huo. Vyuo vinawapokea, vimekuwa vinawapokea miaka yote hiyo, na ada ni ya chini kiasi kwamba haizibi pengo. Nilimuuliza yule dada wa Maji Machungu kama kuna siku bodi zao zilishawahi kutaka kufunga mlango kwa wasio wa kabila ili kuokoa bajeti. Akasema kelele za bajeti zipo kila mwaka, halafu akaniuliza na mimi nimeshajiandikisha Kidiné cha kuanzia au bado nasubiri theluji.